Mwenyekiti na Kebo Iliyoota Ndevu

Mwenyekiti hakuiamini mizani ya kituo cha majani chai, wala hakuficha. Kila siku ya kupima alikuja na jiwe lake la mtoni ndani ya kipande cha gunia. Lilikuwa la kilo nane. Alikuwa amelipima kwenye mizani za mashine tatu tofauti za kusaga mahindi, kwa sababu ya kwanza hakuiamini, na ya pili ilikubaliana na ya kwanza upesi mno. Kabla karani hajapima majani ya mtu yeyote, jiwe lilitundikwa kwenye ndoano. Mshale ukisimama kwenye nane, Mwenyekiti alisema, "Leo," maana yake leo tu. Karani alikuwa mcheshi, na baada ya muda alizoea kulisalimu jiwe kabla ya kumsalimu mwenye jiwe.

Siwezi kusema alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Ningemuuliza, angetaka kwanza kujua namuulizia nani. Nilimfahamu kwa miaka tisa, nilipokuwa mwalimu wa sekondari kule Boito, na kati ya nyumba yake na yangu hapakuwa na kitu ila mistari ya michai. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha kupimia majani, na cheo hicho kilikuwa kimelimeza jina lake. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti, ingawa kwa sauti tofauti kidogo na yetu.

Namwandika kwa sababu ya kebo ya breki ya mkono. Niliikata mimi, kwa mikono yangu miwili na digrii yangu moja, kisha nikanyamaza. Na kwa siku tatu kunyamaza kwangu kulikaribia kumtoa mtu asiye na kosa katika nyumba yake. Afadhali niseme mapema, msomaji asipoteze muda kumshuku mwingine.

Kushuku ilikuwa kazi ya Mwenyekiti, na aliifanya bila upendeleo. Kanisani alikaa nyuma, kidole gumba ndani ya Biblia. Mhubiri akitaja mstari, Mwenyekiti aliufungua kuhakikisha upo. Mara moja tu aliukosa mahali uliposemwa kuwapo, na furaha yake ilidumu hadi Pasaka. Jioni alisikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili, baadaye akaisikiliza tena kwa Kiingereza, apate kujua kama serikali imesema kitu kimoja mara mbili. Kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kidogo, aliniita nimtafsirie. Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Nilitafsiri kwa bidii ya mtu aliyetoka chuo kikuu juzi, naye alinisikiliza macho yakiwa kwenye mdomo wangu, kisha akasema, "Hiyo ni yao ama umeongeza?" Mara nyingi nilikuwa nimeongeza.

Hakunywa chai ya pakiti. Alisema sisi tunapeleka majani mabichi, na kinachorudi dukani ni unga mweusi, na katikati hapo hakuna mtu tunayemjua. Kwa hiyo alichuma majani yake mwenyewe, akayasugua kwa viganja, akayakausha kwenye sufuria juu ya moto wa kuni. Ilikuwa chai mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa, yenye moshi na uchungu, na niliinywa kwa miaka tisa kwa sababu alikuwa akinitazama usoni kuona kama naificha huzuni.

Lakini mtu huyo huyo hakujua kufunga mlango. Alisema kufuli inawaambia watu kuna kitu ndani. Ufunguo wa pikapu yake ulining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, na yeyote mwenye mgonjwa, ndama, au viti vya harusi aliuchukua. Hakuuliza unaenda wapi. Kila mara nilipomuuliza jambo hilo linaingiaje katika falsafa yake, alinijibu kwamba barabara ni moja na gari ni la rangi ya machungwa. Sidhani hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Nadhani alipenda kuombwa.

Kuna kitu kimoja tu kwenye pikapu hiyo ambacho hakuwahi kukiamini, nacho ni breki ya mkono. Milima yetu mnaijua. Aliposimama mahali popote, hata uani, alishuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kuliegesha gari likiwa kwenye gia nako hakukupenda. Alisema gia ni ya kwenda, si ya kukaa.

Sasa Fundi. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, alichomelea majembe na kutengeneza breki za karibu kila gari lililopanda mlima wetu. Alitoka ng'ambo, upande wa Kisii, na alikuwa amekaa kwetu muda mrefu hata akatukana ng'ombe kwa Kipsigis. Mkewe aliuza ndizi. Walikuwa na watoto watatu katika shule yetu ya msingi. Huu ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, siasa ilipoanza kuuliza kila mtu alitoka wapi, na mahali pengine watu kama yeye walikuwa wameshafungasha, wengine wakiwa na moshi nyuma yao. Kwetu hapakuwa pametokea kitu bado. Neno hilo, bado, ndilo tulilolala nalo na kuamka nalo.

Jumatatu moja Fundi alibadilisha breki za nyuma za pikapu. Alimwambia Mwenyekiti kwamba sasa inashika vizuri, hata ile ya mkono, na kwamba anaweza kuacha kubeba mawe kama mjenzi. Mwenyekiti alimtazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakubali neno la mtu.

Jumatano niliazima pikapu kuleta mabati kutoka Litein. Nilikuwa nimejifunza kuendesha ukubwani, yaani vibaya. Katika mlima mmoja mkali, gari likiwa limejaa, ng'ombe wakavuka barabara, nikasimama, injini ikazima. Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Mguu mmoja ulikuwa kwenye klachi, wa pili kwenye breki, na wa tatu wa kukanyaga mafuta Mungu hakunipa. Nikaishika breki ya mkono kwa mikono yote miwili, nikavuta kama mtu anayeng'oa mhogo. Chini ya sakafu kitu kikalia tak, na mpini wa breki ukawa mwepesi mkononi. Wachungaji wawili wakaweka mawe, wakanitazama kwa huruma, nikafika nyumbani kwa neema.

Uani kwa Mwenyekiti ni tambarare. Niliegesha, nikatundika ufunguo, nikamshukuru mkewe kwa kongoi, nikaenda zangu. Nilikusudia kumwambia mwenye gari baada ya chai. Kisha baada ya kusahihisha madaftari. Kisha ikawa Alhamisi.

Alhamisi asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mapema, na lori la kuchukua majani lilikuwa limeonekana kwenye kona ya chini. Mwenyekiti alifika kituoni na magunia nyuma na mkewe mbele, akaona karani ameanza kupima kabla ya jiwe. Alivuta breki ya mkono bila kuitazama, akaruka nje na jiwe lake la kilo nane kifuani, akakimbilia mizani. Nyuma yake pikapu ikaondoka taratibu. Mkewe alifungua mlango akaruka; pikapu ikapita pale meza ya karani ilipokuwa, ikaingia kwenye michai ya mjane mmoja na kusimama imeinamisha kichwa. Hakuna aliyeumia. Mkewe alipata mchubuko wa goti, na karani akapoteza meza.

Kufikia mchana jambo lilikuwa na umbo. Kebo ilikuwa imekatika, na aliyeigusa mwisho ni Fundi, na Fundi ndiye aliyemwambia Mwenyekiti aache mawe. Mtu angehitaji nini zaidi? Vijana wa kituoni walisema alikusudia kuiua familia ya kiongozi wetu. Kijana mmoja mwenye koti la ngozi, ambaye siku hizo alikuwa akisema kwa niaba ya wengine bila kutumwa, alikwenda kibandani akampa Fundi hadi Jumapili awe amehama.

Ijumaa nilipita pale. Fundi alikuwa akipanga spana zake kwenye sanduku la mbao, kutoka kubwa hadi ndogo, kama anayezihesabu kwa safari. Aliniuliza bila kunyanyua kichwa.

"Mwalimu, wewe uliendesha Jumatano. Handbreki ilikuwa inashika?"

"Ilikuwa sawa," nikasema.

Nimefundisha insha kwa miaka mingi na sijawahi kuandika uongo mfupi kama huo. Nilijiambia vijana wataninyang'anya kazi, nilijiambia mambo yatatulia, nilijiambia kwamba huenda kweli kebo ilikuwa na kasoro. Nilianza kumshuku Fundi, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujijua.

Jioni hiyo Mwenyekiti alituma habari kwa watu wanne. Kesho atabadilisha kebo mwenyewe, nyumbani kwake, na hakuna fundi yeyote atakayeigusa, kwa kuwa ile si kebo tena, ni ushahidi. Mimi nije nimsaidie. Fundi aje akae mahali anapoonekana. Kijana wa koti la ngozi aje na mwenzake mmoja, wasije wakasema hawakuona.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne pikapu ilikuwa uani, mawe mbele ya magurudumu ya mbele, nyuma imenyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vipande vya mkaratusi. Fundi alikalishwa kwenye kigoda karibu na tangi la maji, mikono juu ya magoti, kwa amri. Vijana walisimama. Mke wa Mwenyekiti alileta chai ya moshi, na kijana wa koti la ngozi akakubali kikombe bila kujua.

Mimi nilikuwa mpeana spana. Niliombwa namba kumi na mbili, nikatoa kumi na nne. Gurudumu lilitoka vizuri, lakini drami ya breki ilikataa. Mwenyekiti aliipiga nyundo. Ikakataa. Akaipiga tena, na kila pigo lilipolia, Fundi alifumba macho.

"Mzee, legeza kwanza kile kirekebisho cha ndani," akasema. "Hapo kwa tundu la nyuma, na bisibisi."

"Nyamaza. Wewe ni mshukiwa."

"Sawa. Lakini mshukiwa anaona unapasua drami."

Mwenyekiti alisimamisha nyundo hewani. Alifikiri. Kisha akaingiza bisibisi kwenye tundu, akazungusha kidogo, na drami ikatoka kama kofia. Tangu hapo kazi iliendelea hivyo: mshukiwa akieleza kutoka kigodani bila kusogeza kidole, na hakimu akitii kutoka chini ya gari huku akinung'unika kwamba hajashawishika. Fungua ndoano ya kebo kwenye mkono wa kiatu cha breki. Bana zile pembe za chuma kwa koleo ndipo itoke. Usivute kwa hasira. Nilipoinamia kutazama, Mwenyekiti akaniambia niondoe kivuli changu.

Kebo ilitoka vipande viwili. Mwenyekiti aliviweka juu ya gunia safi na kuita kila mtu. Kisha akachukua msumeno wa chuma, akakata kipande kingine cha kebo hiyo hiyo mbele yetu, akakiweka kando.

"Hii nimekata sasa," akasema. "Angalia. Imekuwa kama kichwa imenyolewa. Hii ya gari ina ndevu. Hakuna msumeno hapa."

Ilikuwa kweli. Ncha ilikuwa imechanuka, nyuzi za nje nyekundu kwa kutu, zimekatika moja moja kwa miaka.

"Ndevu ama hakuna ndevu, Mzee, gari nusura iue Mama," kijana wa koti la ngozi akasema. "Huyu alijua imeoza akanyamaza. Arudi kwao."

Fundi alisema kebo ilikuwa ndani ya ala yake, na hakuna fundi anayeona ndani ya ala. Hakusema kwa nguvu. Mwenyekiti alikuwa ameinama, pua karibu iguse gunia.

"Katikati kuna nyuzi tano, sita, zinang'aa," akasema. "Hizi hazijaoza. Hizi zimevutwa juzi na mtu mwenye nguvu sana." Akanyanyuka, akaanza kumpima kila mmoja kwa macho, mkewe, vijana, Fundi. Macho yalinipita mimi bila kusimama, na nakiri kwamba hata katika hofu ile niliona nimedharauliwa.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Ilinibidi niseme mara ya pili.

"Ni mimi, Mwenyekiti. Nilivuta Jumatano pale mlimani, na mikono miwili. Ikalia. Sikukuambia."

Mwenyekiti alinitazama kuanzia viatu. "Mwalimu, usimfichie mtu."

"Simfichii mtu."

Alinijia, akashika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akawaonyesha vijana. "Hii? Hii mikono ya chaki ndiyo imekata waya ya gari?"

Nimekiri mambo machache maishani, na hilo ndilo pekee lililokataliwa kwa kukosa ushahidi. Nilieleza ng'ombe, mabati, wachungaji. Aliuliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani. Nikakumbuka mmoja mweupe. Akasema kila kundi lina mmoja mweupe. Mwishowe akaamua kwamba kebo mpya itafungwa kwanza, ndipo mimi nijaribiwe.

Tuliilaza kebo mpya kando ya ile ya zamani kuona kama urefu ni mmoja. Ulikuwa mmoja. Akaupima tena. Tukaipitisha, tukarudisha drami na gurudumu, tukashusha pikapu, yote kwa maelekezo ya kigodani. Kisha nikaambiwa niingie.

"Vuta kama ulivyovuta."

Nikashika kwa mikono miwili. Lakini haikuwa vile, kwa hiyo nikaweka na goti kwenye dashibodi, kama siku ile, nikafumba macho, nikavuta. Meno ya breki yalilia moja baada ya jingine, na mimi nadhani nililia pia, sauti ya ndama. Nilipofumbua macho, kijana wa koti la ngozi alikuwa amejishika tumbo.

"Digrii nzima," alisema akishindwa kupumua. "Na hivyo ndivyo anaendesha."

Mwenzake alicheka hadi akaketi chini. Mke wa Mwenyekiti alirudi jikoni akiwa na kanga mdomoni. Vijana walinitaka nirudie, nikarudia, na kila nilipovuta, Jumapili ilizidi kwenda mbali. Sijapata kufanya kazi ya maana zaidi kwa elimu yangu.

Fundi peke yake hakucheka. Alinitazama kupitia dirisha la gari.

"Ijumaa uliniambia ilikuwa sawa," akasema.

Kisha akageuza uso. Mwenyekiti alisimama katikati ya ua akatoa hukumu. Mwalimu anaweza kuwa anadanganya, alisema, yeye bado anachunguza. Lakini kebo imeonekana na watu wanne, na hakuna mtu atakayehama mahali hapa kwa ajili ya kitu ambacho ameonyeshwa si kweli. Atakayesema tena maneno hayo atakuja kuyasemea hapa, mbele ya hii ncha. Kisha akamwambia Fundi asimame aangalie kama tumefunga vizuri. Fundi alinyoosha magoti yaliyokufa ganzi, akaingia chini ya gari, akalegeza karibu kila kitu tulichokaza, na kukifunga upya bila kusema neno.

Ncha ile yenye ndevu ilitundikwa kwenye msumari wa pili pale jikoni. Siku za wasiwasi zilirudi zaidi ya mara moja, na watu walipoanza kuulizana tena nani ni wa wapi, kibanda cha Fundi kilipitwa. Sisemi ni kwa sababu ya waya. Lakini kilipitwa. Nami ilinichukua mwaka mzima kabla Fundi hajakubali mkono wangu, na hata hapo aliutazama kwanza.

Baadaye nilihamishiwa chuo cha mbali. Mara ya mwisho kumwona Mwenyekiti ilikuwa karibu na mwisho wa muongo ule, mchana, mvua ya saa tisa ikigonga mabati. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Pikapu ilikuwa imeuzwa, na kwa upofu huo alikuwa amekabidhi kituo kwa mtu mwingine, ambaye hakumwamini. Nililetewa chai ile ile. Nilimwambia kwamba nimepita sokoni, nimemkuta Fundi ana mabati mapya, na mwanawe wa kwanza amemaliza sekondari. Aliitikia kwa kichwa, akisikiliza mvua.

"Mwalimu," akasema, "ile Jumamosi haikuwa mara ya kwanza mimi kuona ile ncha."

Kumbe Ijumaa alfajiri, kabla mkewe hajaenda kukamua, alikuwa amelala chini ya pikapu peke yake. Kipande cha mbele, kwa kuwa kilikuwa kimekatika, kilitoka ndani ya ala kilipovutwa. Alikipapasa, akakitazama, akakirudisha, ndipo akatuma habari kwetu. Nilimuuliza kwa nini.

"Wewe unaweza kuita watu waje kuona kitu hujui ni nini?"

"Na kama ungekuta imekatwa na msumeno?"

Alitafuta kikombe chake kwa vidole, akakipata, hakunywa.

"Nilikuwa na tupa mfukoni," akasema. "Ningeisugua mpaka iote ndevu. Yule mtu alikuwa na watoto watatu."

Kwa miaka nilikuwa nimewasimulia wanafunzi wangu habari za mtu huyu, jinsi alivyosimama upande wa kilichoonekana, na hakuna zaidi. Nikahisi sakafu imelegea kidogo chini ya kiti.

"Uliitumia hiyo tupa?"

"Hapana. Ndevu zilikuwa zake yenyewe."

Alinigeuzia yale macho meupe, akayashikilia usoni pangu kana kwamba yanaona, akangoja. Mwishowe akauliza kama namwamini. Nikasema namwamini.

Akaweka kikombe chini polepole.

"Miaka yote hiyo umekaa na mimi," akasema, "na hukujifunza kitu."